Kibao cha Mfasiri

Kibao kilitundikwa mlangoni Jumamosi. Jumapili asubuhi, kabla chai haijateremshwa jikoni, nikapata mteja wa kwanza. Alikuwa mama wa makamo, kanga moja kajifunga na moja kajitanda. Akakaa barazani, akashusha pumzi, akanambia kuwa ameota nyoka mweupe kajizonga kwenye mguu wa kitanda chake.

Nikamwambia pole.

"Pole ya nini, baba? Nambie maana yake."

Kibao chenyewe kilikuwa kizuri. Herufi za kijani, kivuli cha njano, na chini yake kalamu iliyochorwa mfano wa mkuki: MFASIRI. BEI NAFUU. Nilitaka kiandikwe "Mfasiri wa nyaraka, Kiingereza kwa Kiswahili", lakini mchora mabango alikuwa anatoza kwa herufi, nami nikabana matumizi. Sikukumbuka kuwa kwa mtu wa Unguja vinavyofasiriwa ni viwili tu, Kurani na ndoto. Kurani alikwisha kuifasiri Sheikh Abdulla Saleh Farsy, tafsiri yake kamili ikatoka 1969, na hapakuwa na mtu mtaani kwetu Mwanakwerekwe aliyedhani kuwa mimi nina la kuongeza. Zikabaki ndoto.

Nilikuwa bado natafuta la kusema pale mama mkwe wangu alipochungulia kutoka ukumbini.

"Kakuuma?"

"Hakuniuma, bibi."

"Basi ni mali, na ni ya halali. Toa sadaka, ulale."

Yule mama akafurahi, akaacha noti ya elfu moja juu ya baraza. Mama mkwe akaichukua, akaifunga kwenye pindo la kanga. Hayo ndiyo mapato ya kwanza ya biashara yangu, na sikuyaona tena.

Huo ulikuwa mwanzo wa Disemba 2009. Mwezi mmoja nyuma, afisi niliyokuwa karani kule mjini haikunipa mkataba mpya, nikaja nyumbani na mkono wa buriani, kompyuta ya mezani iliyotumika, na hoja moja nzito. Hoja yenyewe ilikuwa hii: mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Basi mimi niliyezaliwa na kukulia hapa hapa nina mtaji kinywani, na siku zote hizo nimekuwa nikiutumia kuagizia urojo. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa skuli ya msingi na amezoea kusikiliza wanafunzi wakijieleza, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na wateja?"

Nikamwambia wateja watakuja wenyewe.

Afisi niliifungua kwenye chumba cha wageni. Mgeni alikuwemo. Mama mkwe alikuja kutoka Wete, Pemba, kula Idi Kubwa na sisi, akasema atakaa wiki moja, na wiki ile ilikuwa bado inaendelea. Kwa hivyo meza yangu ilikaa baina ya kitanda chake na dirisha, na kila nikinyanyua kichwa kutafuta neno, nalikuta jicho lake linanitazama kama mtu anayemwangalia kuku asiyetaga.

Anayejiajiri nyumbani lazima kwanza aishawishi nyumba kuwa anafanya kazi. Mimi nilishindwa. Mwanamme aliyekaa mbele ya kompyuta saa nne ya asubuhi, kavaa kikoi na fulana, ni mwanamme aliyepo, na aliyepo hutumwa. Nilitumwa sokoni Mwanakwerekwe mara tatu kwa asubuhi moja: mara ya kwanza nazi, ya pili ndimu, ya tatu kurudisha nazi kwa kuwa ilikuwa koroma. Nilishika mtoto wa jirani. Nilifukuza mbuzi. Jamaa wa barza ya kahawa walianza kuniamkia kwa upole mno, kama anavyoamkiwa mfiwa. Mmoja akaninong'oneza kuwa anamjua mtu anayetafuta mlinzi.

Alasiri nilivaa suruali, nikapanda daladala hadi Darajani, nikaingia Mji Mkongwe na barua zangu kumi na mbili ndani ya bahasha. Nilikwenda mlango kwa mlango: watembeza watalii, mawakili, miradi, nyumba za wageni. Kila mahali nilikaribishwa vizuri, maana kwetu hata kukataliwa kuna ukarimu wake, na kila mahali niliambiwa neno moja: "Tutakupigia simu." Nikarudi nyumbani, nikaiweka simu mezani, nikakaa kuisubiri.

Alhamisi ya tarehe 10 Disemba umeme ukazimika.

Hakuna aliyeshtuka. Umeme kuzimika ni jambo la kawaida, watoto husema "aaah" kwa pamoja na mtu mzima hutafuta kibiriti. Lakini usiku ukapita, Ijumaa ikapita, na habari ikatoka barza hadi barza kuwa hitilafu iko kwenye njia ya umeme unaotoka Tanzania Bara kwa waya wa chini ya bahari, uliolazwa 1980 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Kisiwa kizima kilikuwa kinaning'inia kwenye waya huo mmoja. Mwaka mmoja na nusu nyuma, Mei 2008, ulikwisha kutulaza gizani kwa wiki nne, na mke wangu alikuwa bado anazikumbuka siku zile kwa idadi ya ndoo. Maana umeme ukikatika na maji hukatika, pampu haziendi. Mfereji wetu wa uwani ulikoroma siku mbili, ukatema hewa, ukanyamaza.

Aliyefurahi alikuwa mmoja tu. Mama mkwe alikaa juu ya mkeka, kandili mbele yake, uso unang'aa kuliko kandili.

"Sie kwetu umeme upo," alisema.

Na ni kweli. Wakati ule Pemba haikuwa imeungwa na waya wowote wa baharini. Ilikuwa na mashine zake za dizeli pale Wesha, ambazo sisi watu wa Unguja tulikuwa tukizicheka kila siku. Miaka yote hiyo Mpemba akija mjini huambiwa kaja kuona taa. Sasa mama mkwe alikuwa akipiga simu Wete kila jioni, kwa sauti ya kusikika mitaa miwili, na swali lake la kwanza halikuwa la afya ya mtu. "Jee, umeme upo? Upo? Alhamdulillahi." Tarehe 5 Novemba Rais wa Zanzibar, Karume, na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif, walikuwa wamekutana Ikulu na maridhiano yakaanza, watu wakafurahi hadi wengine wakalia. Kwangu mimi, Unguja na Pemba bado zilikuwa hazijakaa meza moja. Meza ilikuwa yangu, na Pemba imeweka tambuu yake juu yake.

Wiki ya pili simu yangu ikafa. Hapo ndipo nikapiga hesabu ya kuogofya: afisi kumi na mbili zinanipigia wakati huu, na mimi sipatikani. Mke wangu alikuwa anangojea zamu yake ya upatu. Sitasimulia jinsi nilivyoiomba pesa ile. Itoshe kusema kuwa tulinunua kijenereta, kile kidogo cha kubeba kwa mkono mmoja, kinachotaka petroli ichanganywe na oili, na kinachopiga kelele kubwa kuliko kazi kinayoifanya. Friji hakiwezi. Kompyuta, taa mbili na simu, kinaweza. Tukakiweka uwani nyuma ya banda la kuku, na kuku wakaacha kutaga.

Jioni ile ile, Magharibi haijaadhiniwa, jirani akabisha hodi na simu yake mkononi. Kisha mwanawe. Kisha muuza mboga wa njiani. Mimi nilikuwa nashughulika na kamusi. Nilipotoka ukumbini nikakuta simu kumi na moja zimepangwa juu ya sinia la pilau, na mama mkwe kakaa mbele yake na daftari la skuli.

"Shilingi mia tano," aliniarifu. "Watu wa nyumba hii bure. Weye ni mtu wa nyumba hii, leo."

Usiku wa pili zilikuwa ishirini. Mjomba wangu akatuunganishia waya wa kuongeza matundu, na mke wangu, aliyekuwa hanisemeshi tangu siku ya kijenereta, akaanza kunisemesha. Ilikuwa mapato ya kweli. Yaliingia kila siku, kwa noti na sarafu, kwa mtu ambaye hajawahi kuandika barua ya kuomba kazi, hajatundika kibao, na hajui kama alichokifungua kinaitwa biashara.

Daftari ndilo lililonishinda. Mama mkwe alisoma chuo cha Kurani, hakusoma skuli, na Kiswahili chake anakiandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika mababu kwa mamia ya miaka kabla hatujaletewa hizi tunazoandikia sasa. Haweki irabu. Herufi ya be kwake ni b na p pia. Jina la mtu haliandiki. Huandika alama yake: wa makengeza, wa vespa, wa mke wa pili. Mimi mfasiri, mwenye kamusi tatu mezani, nikilitazama lile daftari nasoma nusu mstari na nusu nakisia.

Basi katikati ya Januari walikuja watu wawili kwa usiku mmoja, wote na Nokia nyeusi za aina moja. Wa kwanza dereva wa mradi mmoja wa afya, mkaazi wa Fuoni, ambaye meno yake mawili ya mbele hayapo. Mama mkwe akaandika: wa pengo. Wa pili alikuwa mchora mabango wangu. Akaandika: wa bango. Be, nuni, ghaini, wau. Ukiviandika hivyo bila irabu, pengo na bango ni kitu kimoja, na asubuhi mama mkwe alikuwa msalani, na aliyegawa simu ni mimi.

Mchora mabango alikuwa juu ya ngazi, anaandika jina la duka, simu ikalia. Sauti ya mwanamke, ya Bara, kali: "Uko wapi? Gari iko wapi?" Akajibu kuwa hana gari. Sauti ikauliza yeye ni nani. Hapo akaeleza, kwa kirefu, kama wanavyoeleza watu waliopata kisingizio cha kuteremka ngazi: simu imebadilika, zilichajiwa nyumba moja Mwanakwerekwe, kwa mfasiri.

"Mfasiri gani?"

"Mfasiri mzuri sana," alisema mchora mabango, ambaye hajawahi kusoma mstari wangu hata mmoja. "Kibao chake nimekiandika mie."

Sauti ile ilikuwa ya bosi wa dereva, naye alikuwa na kijitabu cha kurasa nane, cha kuwafundisha watu kujikinga na maradhi ya kuharisha wakati huu wa shida ya maji. Kilikuwa cha Kiingereza, kilitakiwa kichapwe wiki ile ile, na mtu waliyemtegemea alikuwa Dar es Salaam. Afisi kumi na mbili nilizozipelekea barua, hadi leo hakuna hata moja iliyonipigia. Kazi yangu ya kwanza imeletwa na pengo.

Nikaifanya kwa siku mbili, kwa fahari. Usiku wa tatu, asubuhi yake ndiyo ya kukabidhi, nikaisoma kwa sauti ili niisikie inavyokwenda. Sikuwa peke yangu chumbani.

"'Nawa mikono kwa maji yanayotiririka,'" nilisoma.

"Yanatiririka wapi?" mama mkwe akauliza kutoka kitandani.

"Mferejini."

"Mfereji upi? Huu una wiki tano umenyamaza."

Nikamweleza kuwa ndivyo Kiingereza kinavyosema. Akasema Kiingereza hakichoti maji. "Andika: mtu akunawishe. Akumiminie kwa kopo, usitie mikono ndani ya ndoo. Kwani wageni tunawanawisha vipi?" Nikaandika. Nikaendelea: dalili za upungufu wa maji mwilini. "Ndiyo nini hiyo?" Nikamfahamisha. "Sema mtoto macho yamedidimia, midomo imekauka, halii kwa machozi. Mama atakimbia. Huo upungufu wako atausubiri mpaka asubuhi." Ilipofika saa tatu usiku kurasa zangu nane zilikuwa zimechanwachanwa, na kila palipochanwa pamekuwa bora. Sikumwambia.

Hapo kijenereta kikakohoa, kikazimika. Petroli imekwisha.

Nilifanya yote yapasayo. Nilikiacha kipoe. Kandili niliiacha mbali, jikoni, kwa kuogopa moto. Nikaenda kwa kupapasa hadi ukutani yalipo madumu mawili ya manjano, nikachukua la petroli, nikamimina bila kumwaga tone. Nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta tena. Nilivuta hadi bega likateguka, na mke wangu akatoka na kandili, akaliinua dumu, akalinusa.

"Baba Watoto," alisema taratibu, "haya ni maji ya kutawadhia."

Ndani ya nyumba mlikuwa na simu thelathini na moja za watu, tafsiri nzima imefungiwa ndani ya kompyuta iliyozimika, na zimebaki saa kumi na moja kabla ya kukabidhi. Mke wangu hakupiga kelele. Alikwenda kwenye mkoba wake, akatoa daftari jipya la kusahihishia na kalamu mbili, akaviweka juu ya mkeka. Mama mkwe akashika kandili. Nikaanza ukurasa wa kwanza upya, kwa mkono, kwa kumbukumbu yangu na karatasi ya Kiingereza, na kila niliposita yule mzee alikuwa akinisomea sentensi nzima kutoka kichwani, kwa kuwa zilikuwa zake. Tulimaliza alfajiri. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi kwa moshi, na sentensi ya kunawishwa ilikuwa na tone la mafuta ya taa juu yake.

Saa kumi na mbili na nusu wenye simu walikwishajaa barazani. Nilisimama nyuma ya mlango nikitunga maelezo. Mama mkwe akatoka mbele yangu.

"Mkwe wangu katia maji kwenye mashine," aliwatangazia. "Simu zimekwenda Jitimai kwa shemegi yake. Rudini Adhuhuri. Nani kafa kwa kukosa simu?"

Hakuna aliyekufa. Wengine walinipa pole. Simu zilikuwa bado ukumbini, ndani ya ndoo, na mpwa wangu alizitoa kwa mlango wa nyuma na baiskeli huku wao wakicheka barazani. Mpaka leo nikipita Jitimai yule shemegi, ambaye kijenereta chake ndicho kilichozichaji, huniita "fundi maji".

Bosi wa mradi alizipokea karatasi zangu za mkono kwa macho ya mtu aliyeletewa samaki bila kifungio. Akasoma. Alipofika kwenye kopo na ndoo akasita, akasoma tena, akamwita karani wake aipige chapa kama ilivyo. Aliniuliza nimefanyia wapi utafiti. Nikasema nyumbani. Alinilipa siku ile ile, na wiki ya pili akanipa kurasa nyingine kumi na mbili, za vyandarua. Hizo nazo zilipita kitandani kwanza.

Umeme ulirudi Jumanne ya tarehe 9 Machi 2010, miezi mitatu kasoro siku moja. Mtaa mzima ulipiga ukelele. Friji ikatikisika, taa ya uwani ambayo hakuna aliyekumbuka kuwa iliachwa wazi ikawaka mchana kweupe. Mama mkwe alianza kufunga mzigo wake usiku ule. Alisema kisiwa kikishapona mgeni huaga.

Kabla ya kwenda bandarini alinifungulia daftari, akanisomea hesabu. Simu, ukiondoa petroli, oili na fundi wa kutoa maji: mara nne ya tafsiri zangu zote. Upatu wa mke wangu ulirudi wote. Ndoto aliziweka ukurasa wake peke yake, kumi na saba, na hizo alisema hazinihusu. Daftari akaniachia.

Mwaka huo huo, Juni 2010, Pemba nayo ikaungwa na gridi ya Bara kwa waya wa baharini kutoka Tanga. Nilimpigia Wete kumpa pole.

Kibao bado kipo, na sijakiongeza herufi hata moja. Mwenye waraka na abishe hodi wakati wowote; akinikuta nimetumwa sokoni anisubiri, sikawii. Aliyeota nyoka atuachie namba yake, tutampigia Wete jioni, ila aseme mapema kama kaumwa.